Kibandiko cha Saa Tatu Usiku

Saa tatu kwa hesabu yangu, tisa kwa hesabu yake,
nafika Stevenston kumbandua Bwana Gemmell.
Kibandiko ni kidogo, cha rangi ya ngozi,
ngozi yake, si yangu.
Kimeshinda juu ya chuchu ya kushoto tangu asubuhi
kikivujisha kitu kisichoonekana.

"Polepole," huniambia, "hiyo ni baruti."
Na kweli ni baruti.
Miaka kumi na tisa aliipika nyuma ya matuta haya ya mchanga,
kwenye vibanda vilivyofukiwa udongo hadi paa,
ameketi juu ya kigoda cha mguu mmoja
ili akisinzia aanguke yeye
kabla kipimajoto hakijapanda.
Dada yake Netta alipekuliwa langoni kila alfajiri:
si kiberiti, si pini ya nywele,
hata kifungo cha chuma hakikupita.

Jumatatu, anasema, kichwa kilipasuka.
Kufikia Jumatano kimezoea.
Basi Ijumaa wenzake walipaka kidogo
kwenye utepe wa ndani ya kofia,
wakaivaa mpirani, wakaivaa hadi mlango wa kanisa,
wasije wakaanza upya.
Na wapo ambao hawakupaka,
na Jumapili, wamepumzika, wamevaa soksi safi,
kifua kikawabana, wakafia kitini.

Kwetu husema dawa ya moto ni moto.
Badilisha herufi moja tu.

Nimesoma, kwenye simu, nikingoja wali uive.
Mwili hauilipui. Hauna haraka hiyo.
Ndani ya seli, katika vile vinu vya nguvu,
kipo kimeng'enya, kilekile
kinachofagia sumu ya wiski ya Jumamosi;
kinaishika molekuli yenye naitreti tatu mgongoni,
kinaitua mzigo mmoja,
na kutoka mzigo huo, kwa njia ambayo wataalamu
wenyewe bado wanabishania,
huzaliwa gesi: naitrojeni moja, oksijeni moja, basi.
Oksidi ya naitriki.
Haibishi hodi. Hupenya ukuta wa seli
kama harufu ya vitunguu ipenyavyo pazia,
na msuli wa mshipa, uliokuwa umekunja ngumi,
unakunjua.
Sekunde chache tu, gesi haipo tena.
Damu inapita. Bwana Gemmell anashusha pumzi
na kulalamika kwamba chai haina rangi.

Lakini kimeng'enya nacho huchoka.
Ukikifanyisha kazi usiku na mchana
kinaungua kwa kazi yake mwenyewe,
na dawa inakuwa maji.
Mazoea yana taabu; ndiyo maana nimeajiriwa.
Wengine hulipwa kuleta dawa. Mimi nalipwa kuiondoa,
ili usiku ukose,
na asubuhi mwili ukumbuke kushtuka.

Juzi glavu zilikwisha.
Nikabandua kwa vidole, nikakunja gundi kwa ndani, nikatupa.
Ndani ya basi la Kilwinning
kikanijia nyuma ya macho: pigo, pigo,
uso moto, taa za barabarani zikivimba na kunywea.
Nikajua ni nini. Nikaketi wima.
Ilikuwa Alhamisi, lakini kichwani mwangu
ilikuwa Jumatatu yake ya mwaka wa sitini na nne,
na kiti cha basi kilikuwa na mguu mmoja.

Kesho yake nilimwambia.
Nilidhani atacheka. Akaushika mkono wangu,
akaugeuza kiganja juu, akautazama muda mrefu
kama mtu anayesoma kipimajoto.
"Na kofia," akauliza, "huna?"

Mraba mwekundu umebaki kifuani pake.
Nimeupaka mafuta, nimemfunika,
nimeandika daftarini: kimebanduliwa, saa tatu.
Nimefuta. Nimeandika tisa.